Mtoto wa uangalizi maalumu akiruhusiwa wodini: mpango wa dharura uandikwe kabla hamjaondoka

SistaWaWodini

Habari za jioni wanajamvi.

Nafanya kazi wodi ya watoto wachanga hapa Moshi. Hospitali sitaitaja, kwa sababu ninayoandika yanahusu hospitali zote. Nawalenga wazazi ambao mtoto wao amekaa wodini wiki au miezi, akapata nafuu ya kwenda nyumbani, lakini bado ana mambo mazito: njiti aliyezaliwa na kilo moja na kitu, mwenye tundu kwenye moyo, aliyewekewa shanti (mrija wa kupunguza maji ya kichwani) kwa sababu ya kichwa kikubwa, mwenye mgongo wazi, anayelishwa kwa mpira wa puani, mwenye kolostomi (utumbo umetolewa tumboni ili choo kipitie hapo), mwenye degedege linalotulizwa kwa dawa. Wengine wana mawili au matatu kati ya hayo kwa mpigo.

Siku ya kuruhusiwa kila mtu ana haraka. Baba yuko dirishani anamalizia malipo, bibi ameshafunga mizigo, gari linasubiri nje. Mama anapewa karatasi ya ruhusa, mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki. Hiyo tarehe ni wiki mbili mbele. Sasa usiku wa siku ya tano, saa nane, mtoto akibadilika nani anafanya nini? Anapelekwa wapi, kwa usafiri gani, na atakayempokea ataelezwa nini?

Mtu huyo wa mapokezi hajawahi kumwona mtoto wako. Hajui kilichofanyika wodini. Faili liko hospitali nyingine na aliyelijaza amelala. Na wewe mama ambaye unajua kila kitu, usiku ule unatetemeka, au haupo kabisa, mtoto ameletwa na shangazi. Kwa hiyo panatakiwa karatasi moja inayomsemea mtoto mbele ya mtu mgeni. Wazo hili si langu. Marekani chama cha madaktari wa watoto na kile cha madaktari wa dharura walitoa fomu ya namna hii mwaka 1999 na kuipitia upya 2010, kwa ajili ya watoto wenye mahitaji maalumu ya kiafya. Sisi hatuhitaji kusubiri fomu. Karatasi ya daftari inatosha, mradi daktari wa mtoto aipitie na kuisaini.

Juu kabisa: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, uzito wake na siku aliyopimwa, namba za simu za watu wawili. Kisha magonjwa yake kama daktari alivyoyaandika, na upasuaji aliofanyiwa na lini. Kama ana mzio wa dawa yoyote, uandikwe kwa kalamu nyekundu.

Halafu kuna sehemu ambayo karatasi nyingi za ruhusa hazina, nayo ndiyo ninayoililia: hali yake ya kawaida akiwa hajambo. Midomo yake huwa na rangi gani? Anapumua mara ngapi kwa dakika akiwa amelala? Oksijeni ya damu yake kwenye kipimo ilisoma asilimia ngapi siku anatoka? Kuna watoto wa moyo ambao asilimia 80 ndiyo maisha yao ya kila siku mpaka wafanyiwe upasuaji. Mtoto mwingine wa umri uleule akisoma 80 yuko hatarini muda huohuo. Mhudumu wa zamu asiyeambiwa anaweza kukosea kwa pande zote mbili: akahangaika na mtoto aliye katika hali yake, au akamwona mtoto wa 70 na kudhani "huyu ni wa moyo, ndivyo alivyo". Vivyo hivyo kwa utosi: mama wa mtoto wa shanti anajua utosi wa mwanawe ulivyo akiwa mzima. Andika. Mtoto mlegevu wa asili, andika. Macho yake huwa hayatulii, andika.

Dawa ziandikwe kwa miligramu na kwa mililita, vyote viwili. Hapa kwetu dawa nyingi za moyo na za degedege hazipatikani za maji kila wakati, mzazi anaelekezwa kusaga kidonge na kukoroga. Frusemide (dawa ya kupunguza maji mwilini) ya miligramu 40 ukiikoroga kwenye mililita 10 za maji, kila mililita ina miligramu 4. Ukiikoroga kwenye mililita 20, kila mililita ina 2. Anayesoma "ml 1 asubuhi na jioni" bila maelezo hajui mtoto amekunywa nini. Na dozi ya mtoto inaenda na kilo zake. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati kwa kawaida uzito unafika mara mbili ya wa kuzaliwa akiwa na miezi mitano hivi, na njiti anaweza kufika huko mapema zaidi. Karatasi ya miezi mitatu iliyopita inaweza kuwa na dozi isiyomtosha tena.

Kisha yasiyotakiwa kufanywa. Mtoto ambaye moyo wake umezidiwa hatakiwi kumiminiwa dripu kwa kasi. Hata kwa watoto wasio na ugonjwa wa moyo jambo hili lina uzito: utafiti wa FEAST uliochapishwa 2011, uliofanyika Uganda, Kenya na hapa Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliopewa maji mengi ya haraka kwenye mshipa walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakupewa hivyo. Mtoto wa mgongo wazi aepushwe na glavu na mipira ya lateksi, maana watoto hawa hupata mzio nayo kwa urahisi. Anayelishwa kwa mpira wa puani asimiminiwe chochote kama mpira umetoka au alama ya plasta puani imesogea. Maziwa yakiingia kwenye mapafu ni balaa jingine juu ya lililopo.

Nasogea kwenye dalili. Kwa kila mtoto mchanga hizi ni za kuondoka nyumbani bila kikao: hanyonyi au ananyonya kidogo sana kuliko jana, degedege, amelegea na hasogei mpaka umchokoze, mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, joto la 37.5 kwenda juu au chini ya 35.5, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika kama hajafika miezi miwili, mara 50 au zaidi kama ana miezi miwili hadi mwaka. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia, mtoto mchanga hupumua kwa kurukaruka na ukihesabu nusu dakika utadanganyika.

Juu ya hizo ongeza za kwake. Wa shanti: kutapika mfululizo, utosi kuvimba akiwa amekaa na halii, macho kuelekea chini mpaka weupe unaonekana juu, kilio kisichotulia au usingizi usioamshika, na homa. Wa moyo: jasho jingi akinyonya, anaachia ziwa kila mara kuhema, miguu au uso kuvimba. Wale wanaopata vipindi vya kuwa bluu ghafla, mkunje magoti yafike kifuani, mtulize, na safari ianze. Wa kolostomi: nyama ya tumboni inatakiwa iwe nyekundu au ya waridi yenye unyevu, ikigeuka nyeusi au zambarau ni dharura. Tumbo likijaa, hakuna kinachotoka na anatapika, pia ni dharura. Wa degedege: mlaze ubavu, usiweke kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Likipita dakika 5 hilo si la kusubiri liishe.

Mambo ya wapi na usafiri nitarudi kuyaandika, niko zamu. Karibuni.

MamaWaBoma

Sista Mungu akubariki. Wa kwangu ana shanti. Nataka niongezee kwenye neno "homa" maana umelipita haraka.

Alipata homa wiki chache baada ya upasuaji. Tukaenda kituo cha karibu, wakapima malaria, hakuna. Mkojo, hauna kitu. Tukapewa panadol na antibayotiki ya maji turudi nyumbani. Mume wangu akatoa ile karatasi ambayo daktari wa upasuaji alituandikia. Ilikuwa na mstari mmoja: "Homa yoyote ndani ya miezi ya mwanzo: arudishwe kwa daktari wa upasuaji wa ubongo, isitibiwe kama homa ya kawaida." Yule tabibu aliposoma akanyamaza kidogo, akachukua simu akapiga mwenyewe. Tuliondoka palepale na barua ya rufaa. Shanti ilikuwa imeingia maambukizi.

Simlaumu yule tabibu. Mtoto mwenye homa Boma Ng'ombe anapimwa malaria, ndiyo utaratibu. Mstari mmoja ndio uliobadilisha safari yetu.

SistaWaWodini

Asante sana mama. Ni kweli, maambukizi mengi ya shanti hutokea miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Wazazi wa shanti nakilini huo mstari, mpelekeeni daktari wenu auweke kwa maneno yake.

Kihamba_Juu

Sista pole na kazi. Sisi tuko juu kabisa Kibosho. Kipindi cha masika gari dogo halipandi, bodaboda zenyewe zinateleza. Hiyo ya "ondoka nyumbani bila kikao" kwetu ni ngumu. Halafu nasikia kuna namba ya bure ya kuita gari la wagonjwa, ni kweli?

SistaWaWodini

Ni kweli kaka. Namba ni 115, mfumo unaitwa m-mama, bure kupiga. Ulianzishwa kwa ajili ya wajawazito wenye dharura, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga. Wanatumia magari ya wagonjwa na pale ambapo hakuna, madereva wa kijamii waliosajiliwa. Lakini sikiliza vizuri: mtoto mchanga kwa maana ya mfumo huo ni siku 28 za kwanza. Watoto wengi ninaowazungumzia wanaruhusiwa wakiwa wameshapita hapo. Njiti wa wiki 28 za mimba anaweza kutoka wodini ana miezi miwili na uzito wa mtoto aliyezaliwa jana. Kwa hiyo iandike 115 kama bado yuko ndani ya siku hizo, lakini mpango wako usiishie hapo.

Mpango wa usafiri nauona hivi. Madereva wawili, siyo mmoja, wanaolala karibu na kwenu, walioelezwa ana kwa ana kwamba simu yako ya usiku ni ya mtoto. Bei mkubaliane mchana, mtoto akiwa hajambo, maana saa nane usiku hakuna mapatano. Pesa hiyo ikae pembeni, iwe ya mkononi au kwenye simu ambayo mtu wa pili anajua namba ya siri. Nimewaona wazazi wakisubiri mapokezi kwa sababu pesa iko kwenye simu ya baba na baba yuko safari Namanga.

Kwenu Kibosho ambako gari halipandi, jueni ni wapi linaishia msimu wa mvua. Mpaka hapo mtoto ataletwa kwa miguu, na nani, na tochi iko wapi. Mwenye ng'ombe na shamba la kahawa jirani ana pikapu? Akaombwe sasa. Balozi wa nyumba kumi ajue kuna mtoto wa hivi. Jirani wa Kichaga akielezwa mapema hakuangushi.

Bodaboda na mtoto mwenye shida ya kupumua sishauri, upepo na baridi vinammaliza. Ikilazimika kwa kipande kifupi, mtoto awe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitenge na koti juu, uso uonekane na shingo isikunjwe. Namna ileile ya kangaruu mliyofundishwa wodini. Joto la njiti likishuka njiani mnafika na matatizo mawili. Na mtoto anayehema sana au aliyelegea msimnyonyeshe njiani kwa nia ya kumtuliza, anapaliwa.

Kihamba_Juu

Nimekuelewa. Na swali la wapi? Tupite zahanati au tushuke moja kwa moja rufaa?

SistaWaWodini

Hilo liamuliwe na daktari wakati wa kuruhusiwa, na liandikwe, kwa sababu jibu halifanani kwa watoto wote.

Kanuni ninayoitumia nikiongea na wazazi: pumzi haisubiri. Mtoto anayehangaika kupumua, aliyebadilika rangi kuliko kawaida yake au degedege halikatiki, simama kwenye kituo cha kwanza chenye oksijeni na mtu wa zamu. Atulizwe kwanza, rufaa ifuate. Kupita zahanati iliyo wazi na yenye oksijeni ili uwahi hospitali kubwa dakika arobaini mbele, hilo hapana. Lakini mtoto wa shanti anayetapika na utosi umejaa, anapumua vizuri, huyo zahanati haitamfungulia shanti. Anatakiwa hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo, na kila saa ina maana kwake.

Kwa hiyo mchana mmoja piteni vituo vya karibu muulize: usiku kuna mtu? Oksijeni ipo na inafanya kazi umeme ukikatika? Kinyago cha kumpulizia mtoto mdogo kipo? Msiwaulize kwa ukali, semeni mna mtoto wa uangalizi maalumu. Halafu andikeni kwenye karatasi: pumzi, tunaenda hapa, mengine, tunaenda pale. Kwa Moshi wengi mtaishia Mawenzi au KCMC, kwa Arusha ni Mount Meru au ALMC, kutegemea mtoto wenu anatibiwa wapi. Upasuaji wa moyo wa watoto ni Dar, Taasisi ya Jakaya Kikwete. Hiyo siyo safari ya dharura, ni ya kupangiwa, lakini namba ya kliniki yake iwe kwenye karatasi ili daktari wa huku aweze kuongea na wa kule.

Tabibu_Zahanati

Naongea nikiwa upande wa pili wa meza. Niko zahanati pembezoni mwa Arusha. Wazazi, tuleteeni mtoto akiwa mzima. Njooni siku ya kawaida, mniambie huyu ndiye, ana moyo, hii ndiyo oksijeni yake, nakala ya karatasi hii hapa. Nitaibandika chumba cha zamu. Nitajua nikiwa na mtungi mmoja tu nani anaweza kuuhitaji. Tena nikimpima akiwa hajambo nina namba yangu mwenyewe ya kulinganisha.

Kinachotutesa ni mtoto mgeni kabisa, na aliyemleta anasema "alikuwa na tatizo la moyo, dawa zake nyeupe". Dawa nyeupe ziko nyingi.

SistaWaWodini

Tabibu ubarikiwe, umesema nilichotaka kukisema kwa maneno bora kuliko yangu.

Mzee_Kiborloni

Kwa heshima zote binti yangu. Mnaandika maneno mazito. Mtoto katoka hospitali, familia inashukuru, mnamwambia mama akae anaandika atakavyougua. Sisi wazee tunaona huko ni kujitabiria. Na hao watoto zamani walilelewa na bibi zao, bila karatasi.

SistaWaWodini

Shikamoo mzee. Nakusikia, na najua wodini kuna kina mama wanaogoma kuandika kwa sababu hiyohiyo. Sitaki kuliona kama jambo dogo.

Ila mzee, watoto ninaowaongelea zamani hawakufika nyumbani. Njiti wa kilo moja, mtoto wa mgongo wazi, wa moyo wenye matundu mawili, wengi walizikwa kabla bibi hajawabeba. Huyu amefika kwako kwa sababu ya dawa, mpira na upasuaji, na vitu hivyo vina namna yake ya kuharibika. Familia inayopanda gari inafunga mkanda na bado inasali kabla ya safari. Naomba na karatasi iombewe, iwekwe pamoja na kadi ya kliniki.

Na mzee, wewe nakuhitaji kwa jambo moja zito. Mtoto wa hivi akikohoa sana au akikataa ziwa, nyumbani ataanza kusemwa ana kimeo, au meno ya plastiki, na kuna fundi mahali. Mtoto wa moyo au njiti akikatwa kimeo anaweza kutoka damu au kupata maambukizi ambayo mwili wake hautayaweza, na wakati huohuo ugonjwa wa kweli unaendelea. Mama kijana hawezi kumkatalia mama mkwe wake. Wewe mzee wa ukoo ukisema "mtoto huyu haguswi koo", limeisha.

Mzee_Kiborloni

Marahaba. La kimeo nakubaliana nawe, tulimpoteza mjukuu wa ndugu yangu kwa hilo. Nitasema.

BintiPasua

Dada mimi nafanya kazi, likizo ya uzazi imeongezwa kwa sababu ni njiti lakini itaisha. Mtoto atabaki na dada wa kazi, ana miaka kumi na tisa, darasa la saba. Anasoma vizuri lakini anaogopa. Nimfundishe nini?

SistaWaWodini

Mdogo wangu, kuogopa kwake ni kitu kizuri, maana yake ameelewa anachokabidhiwa. Usimpe karatasi ya kitabibu. Mwandikie yake, sentensi chache: ukiona hivi na hivi, kwanza mpigie dereva fulani, pili nipigie mimi, tatu mwite jirani fulani aende na wewe. Kwa mpangilio huo. Wengi wanampigia mama kwanza, mama hapatikani, wanakaa wanapiga tena na tena huku muda unakwenda. Ajue ana ruhusa ya kuondoka bila kukupata. Mtamkie kwa mdomo, mbele ya baba mwenye nyumba, kwamba hatagombezwa akienda hospitali na ikaonekana hakukuwa na kitu.

Simu ya nyumbani iwe na salio na chaji, kitochi kinatosha. Fanyeni zoezi siku moja: mwambie "mtoto kabadilika", uone anashika nini. Atatafuta funguo, kadi, karatasi, pochi, na hapo utajua vitu gani havina mahali pake. Vyote viwe kwenye mfuko mmoja uliotundikwa, pamoja na dawa zake, sirinji, kofia, nepi na kitenge.

Na kabla hujarudi kazini, njoo naye kliniki nesi amwonyeshe kwa vitendo. Mtoto akipaliwa: anamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini kidogo, mapigo matano ya mgongoni katikati ya mabega, kisha anamgeuza na kumbonyeza kifua mara tano, akirudia. Na akiacha kupumua, namna ya kumpulizia. Haya hayafundishiki kwa maandishi, mkono unatakiwa ufanye. Mwanasesere anatosha.

BintiPasua

Asante dada. Hilo la ruhusa sikuwahi kuliwaza.

MamaD_Njiro

Naomba niulize jambo ambalo sijui kama ni mahali pake. Wa kwangu ana ugonjwa ambao madaktari wamesema hauna tiba. Hatujui ni miezi au mwaka. Mpango wa dharura kwa mtoto kama huyu ni nini? Kila akibadilika tukimbie? Tumechoka na yeye amechoka kuchomwa sindano.

SistaWaWodini

Ni mahali pake kabisa mama. Pole sana.

Mtoto wako anahitaji mpango kuliko hata wengine, ila mpango wake ni mwingine. Kaeni na daktari wake, wewe na baba, na kama mna kiongozi wa dini mnayemwamini naye awepo. Amueni pamoja yapi mnataka afanyiwe na yapi hapana. Kuna familia zinasema: maumivu, degedege na pumzi ya kuhangaika vitulizwe kila mara, homa itibiwe, lakini asiwekwe mashine. Kuna nyingine zinataka kila kinachowezekana. Hakuna familia iliyokosea hapo. Mkishaamua yaandikwe, daktari asaini, kwa sababu usiku mkifika kwa mtu asiyewajua ataanza kila alichofundishwa, na ndivyo anavyotakiwa kufanya. Mnaweza pia kubadilisha mawazo siku yoyote, hata njiani.

Huko kwenu Arusha, hospitali ya Selian wana huduma ya miaka mingi ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso pale ugonjwa usipopona. Ulizeni kama wanaweza kuwasaidia dawa za maumivu na kuwaonyesha namna ya kumhudumia nyumbani. Tiba shufaa haina maana mtoto ameachwa. Ana watu wake, wanaojua maumivu yake na namna ya kuyatuliza. Na mama, nawe ulale. Dada zako wapangiane zamu.

MamaD_Njiro

Asante. Nimesoma mara mbili. Nitaongea na mume wangu leo.

Mrombo_wa_Dar

Sista, sisi tuko Dar, mtoto anafuatiliwa Muhimbili, njiti na ana shida ya moyo. Desemba ukoo wote unapanda Rombo na bibi hajamwona mjukuu. Mpango unabadilikaje?

SistaWaWodini

Shemeji, anza na swali la kama apande. Dar iko usawa wa bahari, kwenu juu Rombo hewa ni nyembamba na usiku kuna baridi. Kwa watoto wenye presha kubwa kwenye mishipa ya mapafu, au mapafu ya njiti ambayo hayajakomaa, kupanda huko kunaweza kuwashusha oksijeni. Daktari wa moyo ndiye atakayesema, siyo mimi na siyo bibi. Akisema subiri, bibi apande basi ashuke Dar, au mkutane Moshi mjini kama daktari anaona panafaa.

Akikubali: dawa za kutosha pamoja na za ziada, maana Desemba hurudi siku uliyopanga. Karatasi iwe na vituo vya huku, siyo vya Dar. Ukishafika tu, kabla ya mbuzi kuchinjwa, jua kituo chenye oksijeni kiko umbali gani na dereva ni nani, kwa sababu tarehe 25 usiku madereva wengi wameshakunywa. Huyo wako umuombe mapema asiguse. Mtoto asilale jikoni kwenye moto wa kuni hata kama ndipo penye joto, moshi ule mapafu yake hayauwezi. Na asipite mikononi mwa kila mgeni, mafua ya mtu mzima kwa mtoto huyu ni kulazwa.

Mrombo_wa_Dar

La dereva limenigusa, ni kweli kabisa.

Mama_Kijana_Njoro

Sista mimi tatizo langu liko nyuma zaidi. Kliniki yetu foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache. Nikimwambia aniandikie ukurasa mzima atanishangaa.

SistaWaWodini

Usimwombe aandike. Andika wewe, yeye arekebishe. Chukua karatasi ya ruhusa, kadi ya kliniki na chupa za dawa, ujaze unachokijua: jina, uzito wa siku hiyo, dawa na namna unavyozikoroga, rangi yake, anavyopumua akilala. Acha wazi sehemu tatu: oksijeni yake ya kawaida, yasiyotakiwa kufanywa, na akibadilika aende wapi. Fika mapema umwonyeshe nesi wa kliniki kwanza, yeye atajaza oksijeni na kukagua dozi. Daktari atabakiwa na mistari miwili na sahihi.

Ukitoka hapo pitia steshenari, toa nakala. Moja kwenye kadi ya kliniki, moja kwenye mfuko uliotundikwa, moja zahanati ya karibu, moja kwa bibi. Piga na picha, itume kwa baba na kwa mtu mwingine mmoja, ila usitegemee simu peke yake. Ile ya kwenye mfuko ilaminishwe baada ya dozi kutulia, kabla ya hapo utakuwa unalaminisha kila mwezi. Tarehe iwe juu kabisa, na kila akipimwa uzito uulize: dozi ibaki au ipande?

Mama_Kijana_Njoro

Kliniki yetu ni Alhamisi. Nimeshaanza, kwenye frusemide nimegundua mimi nakoroga kwenye mililita 10 na mama mkwe anakoroga kwenye 20. Tunampigia daktari sasa hivi.